Nani Anakaa Nyuma ya Kitavi

Duka la Twahir limebanana kati ya muuza betri na muuza rangi za magari, huko Barabara ya Kirinyaga ambako ukitupia kitu jicho mara moja tu, tayari umeshavutwa mkono uingie. Rael hakuhitaji kuvutwa. Alikuwa amechuchumaa mlangoni mbele ya matairi matatu ya pikipiki yaliyolazwa chini, akiyapapasa moja baada ya jingine, vile anavyopapasa kichwa cha mteja kabla ya kuanza kusuka. Alikuwa msusi wa Kenyatta Market, na vidole vyake vilizoea kupata habari kabla ya macho.

"Hiyo ya meno makubwa ndiyo nataka," Kitavi alisema, amesimama nyuma yake mikono mfukoni. "Si uone vile inakaa ya kitambo. Nikiweka hiyo kwa ile mashine, watu wote Ngong Road watageuka."

"Watageuka kukuokota," Rael akamjibu bila kuinua kichwa.

Twahir, mwenye duka, alicheka kifuani. Alikuwa mtu wa Mombasa mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na miaka yote aliyokaa Nairobi haikuwa imemnyang'anya lafudhi yake.

"Ndugu yangu, hebu nikuulize. Chombo chako wapita nacho wapi?"

"Kutoka Dagoretti Corner mpaka hapa tao. Weekend naenda Lavington, natembea tu."

"Basi matope wayaonea wapi? Hizo za meno zimeundwa kwa matope. Kwenye lami yenye maji zagusa kwa ncha tu. Ni sawa na bibi harusi mwenye visigino virefu juu ya sakafu ya sabuni. Kupendeza apendeza, lakini hafiki mlangoni."

Kitavi alicheka. Rael hakucheka. Neno maji lilikuwa limempeleka mahali pengine, kwenye uwanja wa kituo cha polisi, miaka mitano nyuma, alipotumwa kwenda kuchukua vitu vya kaka yake. Fidel alikuwa ameazima pikipiki ya rafiki. Mvua ilinyesha, na pale Adams, kwenye Ngong Road, hatua chache kutoka nyumbani kwao Woodley, gurudumu la nyuma likakimbilia upande wake na yeye upande wake. Rael aliligusa tairi lile kabla ya kuondoka. Lilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Hii," alisema sasa, akivuta tairi la tatu. "Ukiiangalia kwa mbali ni ya zamani vile unataka. Lakini mistari yake imetoka katikati ikaenda kando. Maji yakiingia yana njia ya kutoka."

Twahir akaligeuza, akaonyesha tarakimu nne zilizochapwa ubavuni. "Hapa pasema juma na mwaka lilipotengenezwa. Ni la mwaka huu. Tairi ni kama mkate, bibie. Likikaa mno dukani hukauka, hata kama halijatembea hatua moja. Bwana, mchumba wako amekuchagulia vyema."

Kitavi hakubisha. Alimtazama Rael kwa yale macho yake ya kazini, maana alikuwa mkata lenzi katika duka la miwani la Moi Avenue, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu taratibu kana kwamba anatafuta namba ya miwani yake. Rael akikamatwa na macho yale husahau alichotaka kusema. Akasimama, akajipangusa vumbi la magoti ambalo halikuwepo.

Pikipiki yenyewe ilisimama kando ya barabara ikiwasubiri. Ilikuwa na taa ya duara, tangi la kijani kibichi, na kiti kirefu cha ngozi ya kahawia. Kitavi aliinunua ikiwa chuma kitupu, akaijenga pole pole kwa mshahara wa lenzi, mpaka wapita njia wakawa wanadhani ni urithi wa babu. Twahir akakikandamiza kile kiti kwa mikono miwili, akakiachilia. Pikipiki ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikawa bado inawaza kama itulie.

"Shoki zimekufa," alisema. "Ninazo mpya zafanana na hizi. Lakini mie siuzi shoki kabla sijajua nani akaa wapi. Wewe nimekuona. Na nyuma akaa nani? Bibie huyu?"

Kitavi akamwachia Rael swali.

"Mimi sipandi," Rael alisema.

Alikuwa ameapa. Baba yake, Mzee Were, alimwapisha mezani, mkono juu ya Biblia ya mama yake, siku alipomtaja Kitavi kwa mara ya kwanza. Mzee hakuwa na neno na kijana. Alimpenda hata, kwa upole wake na kwa kuwa anajua kukaa na wazee. Hakujali kama ni Mkamba ama ni nani. "Kijana namkubali," alisema. "Chuma chake ndicho sikikubali. Nimezika mmoja. Wazee wake wakija hapa kujitambulisha na hicho chuma kingali chake, wataongea na geti."

Wazee walitarajiwa kutoka Mwingi mwisho wa mwezi. Kitavi hakuwa amesema atauza wala hatauza. Na sasa anainunulia shoki mpya. Rael alijiambia amekuja naye ili, kama ni lazima aipande siku chache zilizobaki, aipande ikiwa na matairi ya maana. Hiyo ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Kweli yote ni kwamba kila aliposikia mngurumo ule ukiingia sokoni moyo wake ulitoka nje kabla yake. Alitaka kujua. Aliwatazama wasichana waliokaa nyuma ya wanaume wao, wamefumba macho, nywele alizozisuka yeye zikipepea chini ya helmeti, akajiuliza wanaona nini mle ndani ya macho yaliyofumbwa.

"Weka za kubeba wawili," Kitavi alisema hatimaye. "Huwezi jua."

Twahir akazifunga. Akamkalisha Kitavi kitini, akapima kwa utepe kiasi gani nyuma imezama, akamwita Rael aone. Chini ya springi kulikuwa na pete ya chuma yenye ngazi tano, nayo huzungushwa kwa ufunguo wenye ndoana.

"Ukiwa peke yako, ngazi ya pili. Ukimbeba mwembamba, ya tatu. Ukimbeba mtu wa mwili wake hasa, ya tano. Na ukishamshusha, rudisha, la sivyo itakurusha kama punda aliyechokozwa. Bibie, izungushe mwenyewe uone."

Rael akaizungusha. Pete ikapanda ngazi kwa mlio mdogo, ikatulia kwenye ya pili. Akaipenda ile sauti.

Haikupita muda mrefu, Kitavi akapita Kenyatta Market wakati wa chakula, kama alivyozoea. Wakala mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, kwenye kibanda cha Ngui wakiwa wamesimama, wakachekana, na Rael akamsindikiza hadi alipoegesha. Wahenga wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Rael hakuwa na haja ya cha mvunguni, alikuwa ameangusha kitana tu. Lakini alipoinama kukiokota, macho yake yakawa sawasawa na shoki.

Pete ilikuwa ngazi ya tano.

Akatazama upande wa pili, asije akawa anamsingizia mtu. Ya tano pia.

"Kitavi."

"Eeh?"

"Jana ulikuwa na nani?"

"Jana? Nilikuwa job."

"Baada ya job."

Kitavi akavaa glavu moja, akaivua. "Nilizunguka tu kidogo."

"Peke yako?"

Kama angedanganya, pengine Rael angepata mahali pa kushika. Lakini Kitavi hajui kudanganya, anajua kunyamaza tu, na kunyamaza kwake siku ile kulikuwa kurefu kuliko barabara ya kwao.

"Kuna mtu nimekuwa nikibeba," alisema. "Si mtu wa kukutia wasiwasi."

"Si mtu wa kunitia wasiwasi ana jina?"

"Niliahidi sitasema."

"Ulimwahidi nani?"

"Rael, nikikuambia nani niliahidi, si nitakuwa nimesema?"

Akasema hivyo kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma Rael. Angegomba wangegombana yakaisha. Alimrudishia helmeti yake iliyokuwa mkononi mwake, akamwambia aende, mteja anamngoja. Kitavi alimshika vidole, akavishika kwa muda, kisha akavirudisha kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Pikipiki ikaondoka inarukaruka kwenye matuta ya soko, imekazwa kwa mtu ambaye hayupo.

"Ngazi ya tano?" Everlyn aliuliza, mdomo umejaa vipande vya nywele bandia. Everlyn ni msusi mwenzake, na siku ile walikuwa wawili juu ya kichwa kimoja, kila mtu na upande wake. "Wewe, hiyo si msichana. Hiyo ni mama mzima."

"Twahir alisema mtu wa mwili wake hasa."

"Ndiyo nakuambia. Mtu wa kilo tisini huko. Nani tunajua wa kilo tisini na anapenda wanaume wa miwani?"

"Everlyn, mimi nalia, wewe unatafuta kilo."

"Natafuta ukweli. Ni Ciru wa nyama choma?"

"Ciru ana mume."

"Kwani hiyo iliwahi kuzuia shoki kushuka?"

Mteja mwenyewe, aliyekuwa ameinamisha kichwa kati yao muda wote, akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi niko na eighty-eight," alisema. "Lakini Kitavi simjui. Nasema tu msinifinye hapo nyuma."

Wakacheka wote, Rael pia. Wivu ni mgeni mwenye adabu mbaya. Hukaa kiti cha mwenye nyumba. Siku zile alijikuta akiwakadiria wanawake uzito wakipita. Alimkadiria Ciru. Alimkadiria mama muuza mboga anayemwita mwanangu, akaona aibu. Alimpigia Kitavi simu, akakata kabla haijaita. Jambo lililomsumbua zaidi, na hili hakumwambia hata Everlyn, ni kwamba mtu huyo, yeyote yule, alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Alikuwa ameuona upepo ambao yeye ameapa asiuone.

Akaenda hata kwa Twahir. Twahir alimkaribisha kahawa, akamsikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Mie nauza matairi, bibie. Siri za watu siuzi. Lakini nitakwambia moja. Amekuja hapa kuniuliza vipi amfundishe mtu kuketi nyuma asiogope. Mwanamume anayetaka kuiba hajali hofu ya mtu."

Nyumbani Woodley mambo nayo hayakuwa sawa. Mzee Were, mwanamume wa umbo kubwa ambaye tangu astaafu kazi ya baraza la jiji hakuwa na haraka na kitu, alianza kutembea kwa kutanua miguu.

"Baba, una nini?"

"Mapaja."

"Umefanya nini na mapaja?"

"Nimefyeka nyasi, mama. Kwani mtu akifyeka nyasi anaulizwa?"

Rael akatazama nje. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Lakini mtu mwenye jambo lake haoni la jirani, wala la baba yake. Akamchemshia maji ya kukandia, akaendelea na huzuni yake.

Jumatano iliyofuata alikuwa na mteja Lavington, mama mmoja asiyependa kelele za soko, hivyo Rael humfuata nyumbani. Alimaliza alasiri mapema. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa Ngong. Alikuwa akitembea kando ya kuta ndefu zenye maua, mfuko wa vitana begani, aliposikia mngurumo. Sauti ile angeitambua hata usingizini. Akajibanza nyuma ya kibanda cha askari wa geti.

"Dada, unatafuta nani?" askari akamwuliza.

"Sitafuti. Nimepata."

Askari akachungulia barabarani. "Hao? Hao ni wa kila Jumatano. Wanazunguka hapa pole pole, hata kuku angewapita. Wakifika ile kona ya kuteremka Ngong Road, huyo wa nyuma anamgonga wa mbele bega, wanarudi. Mimi hujiuliza walipoteza nini."

Pikipiki ilikuwa inakuja, kijani chake kimetulia chini ya miti. Mbele alikaa Kitavi, mgongo wima. Nyuma yake alikaa mtu mkubwa kweli kweli. Rael alitafuta sketi, hakuiona. Aliona suruali ya kitambaa iliyokunjwa vizuri, magoti yamebana ubavu wa Kitavi kama ya mtoto aliyebebwa mgongoni, na koti la kijivu. Koti lile lilipigwa pasi Jumapili asubuhi, na aliyelipiga pasi ni yeye.

Akaingia barabarani. Kitavi akafunga breki, pikipiki ikasimama bila kuyumba. Mtu wa nyuma hakushuka. Alikaa tuli ndani ya helmeti, amegeuza kioo chake kuelekea ukuta wenye maua, kana kwamba asipomwona Rael, Rael naye hatamwona.

"Baba," Rael alisema. "Toa helmeti."

Kimya.

"Baba, hilo koti nililipiga pasi mimi."

Helmeti ikatoka. Mzee Were alikuwa na jasho usoni na alama ya sponji kwenye paji la uso. Rael hakuwahi kumwona baba yake akiwa na aibu, akagundua kuwa aibu humfanya awe kijana.

"Wewe si uko kazini?" Mzee aliuliza.

"Si uliniapisha nisipande hii kitu?"

"Nilikuapisha wewe. Mimi sikuapa."

"Rael," Kitavi akaanza, "nilitaka kukuambia. Mzee alisema nikifungua mdomo tu, wazee wangu wakae Mwingi."

"Usimlaumu," Mzee akasema. "Mimi ndiye nilimpigia simu. Nilimwambia aje anichukue kanisani, na asikuambie. Nilijua utacheka ama utalia, na mimi sikuwa tayari kwa yote mawili."

"Lakini kwa nini, baba?"

Mzee akateremka, polepole, akishikilia bega la Kitavi. Alisimama akiishika ile helmeti tumboni kwa mikono miwili, kama kofia mbele ya kaburi.

"Nilitaka kujua," alisema. "Ulipokuja kuniambia huyu kijana anapanda pikipiki, nilikasirika. Halafu nikakaa nikajiuliza, kwani iko nini juu ya hiki chuma, mpaka watoto wangu wawili wanakipenda? Fidel aliniomba mara moja nikae nyuma yake. Alisema, baba, tuzunguke Woodley tu. Nikamwambia nitapanda siku atakayoniletea cheti cha chuo. Unakumbuka nilivyokuwa na yule mtoto. Nilimwuliza kila kitu. Umefika wapi na masomo, umekuwa wapi, marafiki hao ni watoto wa nani. Sikumwuliza hata siku moja, mwanangu, unaona nini ukiwa huko juu?"

Rael akasogea karibu naye.

"Kila Jumatano namwambia huyu anipeleke pale Adams," Mzee akaendelea. "Tangu tumzike Fidel sijapita pale hata kwa miguu. Mimi huzungukia barabara ya Joseph Kang'ethe kama mwizi. Tunakuja mpaka hiyo kona, kisha roho yangu inakataa, namgonga bega. Yeye hasemi neno. Anageuza."

Rael akamtazama Kitavi. Alikuwa ameinamisha macho, anapangusa kipimo cha mwendo ambacho hakikuwa na vumbi. Wiki nzima alikuwa amekubali aonekane msaliti, akavumilia simu zinazokatwa, ili mzee wa watu apate mahali pa kuogopea. Rael alimpenda hapo, mbele ya askari na kuta na baba yake, akampenda hadi akaumia mbavu.

Tone la kwanza la mvua likamwangukia mkononi.

"Na leo?" alimwuliza baba yake. "Leo pia mnageuza?"

"Mvua inakuja, mama."

"Naiona."

Wote watatu walijua mvua ni nini kwao. Kitavi hakuharakisha mtu. "Mzee, ukisema turudi, tunarudi," alisema. "Ukisema twende, nitaenda pole pole mpaka wenye mikokoteni watupigie kelele."

Mzee Were akamtazama binti yake, na Rael akaelewa kwamba anaombwa ruhusa. Baba yake hakuwahi kumwomba ruhusa ya kitu. Angesema hapana, wangerudi wote nyumbani wakiwa wakavu, na wangeendelea kuzungukia Joseph Kang'ethe maisha yao yote.

"Nendeni," alisema. "Tutaonana nyumbani."

Akawatazama wakipanda. Walipofika kwenye kona aliuona mkono wa baba yake ukiinuka kuelekea bega la Kitavi. Ukakaa hewani, ukashuka, ukashika koti. Pikipiki ikakata kona, ikapotea.

Rael alitembea. Kulikuwa na magari ya kupanda, hakupanda, kwa sababu miguu ilimpa kitu cha kufanya. Mvua ilikolea, lami ikaanza kung'aa, na wanaume wawili aliowapenda walikuwa juu ya matairi aliyoyachagua yeye kwa vidole vyake. Alipita Ngong Road akiangalia mbele tu. Kila honi ilimshtua. Pale Adams watu walikuwa wamejikinga chini ya mabati ya vibanda, wanaongea mambo yao, hakuna aliyeanguka, hakuna waliyemzunguka. Akaanza kukimbia, vitana vikigongana mfukoni, na hakuacha mpaka alipoliona geti la kwao.

Pikipiki ilikuwa ndani ya ua, imeegeshwa chini ya paa kando ya tangi la maji, inadondosha matone. Mzee Were alikuwa ameketi barazani, suruali imemganda miguuni, kikombe cha chai mkononi. Kitavi alisimama kwenye nguzo kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

"Tumepita," Mzee alisema.

Rael akaketi kwenye ngazi, maji yakimtiririka usoni, hakujua yapi ya mvua na yapi yake.

"Ukaona nini, baba?"

Mzee alifikiri. Hakuwa mtu wa maneno ya kupamba. "Hakuna mtu anakuuliza swali," alisema. "Huko juu. Ni upepo tu, na mgongo wa mtu mbele yako, na hakuna anayekuuliza kitu. Nadhani yule mtoto alikuwa anachoka na maswali yangu. Alikuwa anaenda kupumzika."

Mvua ikaanza kupungua, kama ilivyo tabia yake Nairobi, kuja na vurugu na kuondoka bila kuaga.

"Wazee wako waje," Mzee akamwambia Kitavi. "Waambie Were anawangoja."

"Asante, mzee. Na kuhusu hii mashine, nilishapata mtu wa kuinunua. Nilikuwa nangoja tu umalize safari zako. Ijumaa ninaipeleka."

Rael aligeuka kwa ghafla. Hilo nalo hakuambiwa. Kitavi alikuwa anaitazama pikipiki alipokuwa akisema, na uso wake haukulalamika.

"Mwambie huyo mtu atafute nyingine," Mzee Were alisema. "Kiapo nilichokiapisha mimi, nakifungua mimi." Akaweka kikombe chini, akaichukua ile helmeti kutoka kwenye kiti, akamnyooshea binti yake. "Imelowa kidogo ndani. Panda, mama. Mzunguke hapa Woodley."

Rael aliivaa, akashindwa kufunga ukanda kwa sababu vidole vyake, vile vile vinavyojua kila kitu, havikukijua kifungo chake. Baba yake akamfungia, akimkaripia kwa sauti ya chini asitingishe kidevu. Kitavi alitoa pikipiki chini ya paa, akaiwasha, akamngoja.

"Nashika wapi?" Rael akamwuliza.

"Popote roho inapenda."

Akakunja sketi yake ya kazi, akapanda, akazungusha mikono kiunoni mwa Kitavi. Akahisi pumzi yake ikipanda na kushuka, ya haraka kama yake. Hakufumba macho. Pikipiki ilipoanza kusogea kuelekea getini, baba yake akaita.

"Rael."

Kitavi akasimamisha. Mzee Were alikuwa amesogea hadi ukingo wa baraza, ameshika nguzo, na woga wake wote uko usoni, hakuuficha.

"Ukirudi," alisema, "njoo ukae hapa uniambie umeona nini. Mimi niko tu hapa, nakungoja."